Damu ilivuja kichwani, ikaganda mguuni: niliyoyaona nikimuuguza Mama

Naandika haya mwezi wa nane tangu Mama apatwe na kiharusi. Mimi si mtaalamu wa afya. Ni binti yake tu, niliyelala wiki tano kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake. Ila kuna mambo ambayo laiti ningeyajua mapema, mguu wake usingefika pale ulipofika, na pengine hata kichwa chake kingesalimika. Kama unauguza mgonjwa wa namna hii, au una mzazi anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, haya ni yako.

Nianze nyuma kidogo. Mama alikuwa na tatizo la moyo kudunda bila mpangilio. Moyo wa hivyo hausukumi damu yote ipasavyo. Damu hutuama kwenye kona za vyumba vya juu vya moyo, huganda, na kipande kikichomoka kinaweza kwenda kuziba mshipa wa ubongo. Ndiyo maana alipewa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kwa miaka minne aliimeza kila jioni bila kukosa. Alikuwa na kijitabu chenye matokeo ya kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani. Asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Mama alitakiwa awe kati ya 2 na 3, na kijitabu chake kilikuwa kinapendeza: 2.4, 2.6, 2.3, 2.7.

Wiki moja kabla ya tukio, jino lilimuuma. Mimi ndiye niliyekwenda duka la dawa. Nikaomba dawa ya jino, nikapewa metronidazoli ya kuua vijidudu na diklofenaki ya maumivu. Sikuulizwa kama mgonjwa ana dawa nyingine anazotumia, na mimi sikusema. Sikujua kwamba metronidazoli inalizuia ini lisiivunje wafarini, kwa hiyo wafarini inarundikana mwilini ingawa kidonge ni kile kile. Diklofenaki nayo inazidhoofisha chembe sahani, zile zinazokimbilia kuziba tundu mshipa unapotoboka. Siku ya sita ya dozi Mama alianguka. INR yake siku hiyo ilisomeka 6.8. Tarehe ya mwisho kwenye kijitabu ilikuwa ya miezi mitatu nyuma, maana kila wiki tulikuwa tunasema tutakwenda wiki ijayo.

Ilikuwa alfajiri. Nilisikia kishindo bafuni, nikamkuta ameketi sakafuni ameegemea ndoo, uso umeshuka upande wa kushoto. Alisema kichwa kinampasuka, kisha akatapika. Maneno yalitoka mazito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, lakini nilimwelewa. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala mapajani kama si wake.

Jirani aliyekuja kunisaidia alinishauri nimpe aspirini upesi, ifungue mishipa. Nilishakishika kidonge. Kilichotunusuru ni kwamba Mama alikuwa bado anatapika. Kiharusi kiko cha aina mbili: cha mshipa kuziba na cha mshipa kupasuka. Cha kuziba ndicho kinachowapata wengi, lakini kwa kumtazama mgonjwa tu hata daktari hawezi kukuhakikishia ni kipi. Hadi apigwe picha ya CT, ile inayoonyesha ndani ya kichwa. Aspirini inayomfaa mmoja inamzidishia mwingine damu kichwani. Basi usimpe kitu mdomoni, hata maji, kwa sababu koo nalo linaweza kuwa limelegea na maji yakaishia mapafuni. Anayetapika mlaze ubavu, kisha mwahi hospitali.

Pale mapokezi waliniuliza mara tatu: mara ya mwisho kumwona akiwa mzima ilikuwa saa ngapi? Nikajibu alfajiri hii, nikidhani wanataka kujua nimemkuta saa ngapi. Jibu sahihi lilikuwa saa nne usiku, tulipoagana kwenda kulala. Walipouliza dawa anazotumia nikasema "za presha na za moyo". Kijitabu kilikuwa nyumbani kwenye droo. Karibu saa nzima ilipita kabla kaka yangu hajafika na mfuko wa dawa na neno wafarini halijatajwa. Saa hiyo bado inaniuma. Katika kiharusi cha kuvuja damu, karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu damu huendelea kuvuja na bonge kukua katika saa za mwanzo, na mwenye wafarini mwilini yuko hatarini zaidi. Sasa hivi majina ya dawa zote za Mama, na vipimo vyake, yako kwenye simu yangu, ya kaka, na kwenye karatasi ndani ya pochi yake.

Kwenye picha ya CT damu mbichi huonekana nyeupe. Nilioneshwa doa jeupe, kama ukubwa wa kidole gumba changu, ndani kabisa upande wa kulia wa ubongo. Upande wa kulia wa ubongo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kushoto. Presha ilikuwa 196 kwa 112. Wakaishusha kwa dripu hadi ile namba ya juu ikakaribia 140. Wakampa vitamini K, na pamoja nayo dawa yenye viini vya kugandisha damu vilivyokolezwa, vinavyotolewa kwenye damu ya watu waliochangia. Niliuliza kwa nini vyote viwili. Daktari akaniambia vitamini K inafanya kazi kwa kulipa ini uwezo wa kutengeneza viini vipya, na hilo huchukua saa nyingi. Hivi vilivyokolezwa vinafanya kazi ndani ya dakika, ila haviishi muda mrefu. Kimoja kinashika kamba hadi mwenzake afike. INR ilipopimwa tena ilikuwa 1.3.

Nilimshukuru Mungu, nikaona hatari imepita. Hapo ndipo nilipokosea kuliko mahali pengine pote.

Damu ya mwili ina mizani. Upande mmoja kuna vinavyoigandisha, upande mwingine kuna vinavyozuia isigande ovyo na vinavyoyeyusha bonge likishamaliza kazi. Mtu akivuja damu kichwani, mwili mzima hupata taarifa. Huongeza vya kugandisha, kwa sababu unajihami. Hapo hapo mgonjwa amelala, mguu uliopooza haujitikisi, na misuli ya kigimbi ndiyo pampu inayorudisha damu juu kutoka miguuni. Ikilala, damu inatuama. Ongeza mgonjwa asiyekunywa maji ya kutosha, na ongeza kwamba tumetoka kuiondoa nguvu ya wafarini kwa makusudi. Rudolf Virchow, daktari Mjerumani wa karne ya 19, anatajwa hadi leo kwa mambo matatu yanayofanya damu igande ndani ya mshipa: damu kutuama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa na mwelekeo wa kuganda. Mama alikuwa na la kwanza na la tatu kwa ukamilifu. Mizani iliyokuwa imelalia upande wa kuvuja ilikuwa inageuka kimya kimya kulalia upande wa kuganda, na sisi wanawe tulikuwa bado tunatazama upande wa jana.

Siku ya tatu, baada ya picha ya pili kuonyesha bonge halijakua, daktari alikuja kutueleza kwamba wanataka kuanza heparini kidogo, sindano ya chini ya ngozi tumboni, ya kinga tu ili damu isigande miguuni. Kaka alisimama. "Daktari, juzi mmehangaika kuigandisha, leo mnataka kuiyeyusha?" Mimi nikamuunga mkono. Daktari alieleza kwa utulivu kwamba hiki si kipimo cha matibabu, ni kipimo kidogo, kwamba picha imetulia, na kwamba wagonjwa wengi wa aina hii huanzishiwa siku ya pili au ya tatu. Hatukusikia. Tulichosikia ni "dawa ya kuyeyusha damu" na "kichwani". Tukasaini kukataa.

Nimefikiri sana kuhusu jina hilo. Tunaziita dawa za kuyeyusha damu, au za kuifanya damu iwe nyepesi, na jina linatupotosha. Haziifanyi damu iwe majimaji. Zinachelewesha kuganda, basi. Hata bonge likiwepo tayari, heparini na wafarini haziliyeyushi. Zinalizuia lisikue, na mwili wenyewe ndio unaolimeng'enya polepole. Ningelijua hili siku ile, nadhani ningeuliza maswali badala ya kutia saini.

Kosa la pili lilikuwa la soksi za hewa. Mama alivalishwa mifuko fulani miguuni, imeunganishwa na kimashine chini ya kitanda. Kila baada ya muda mfupi mashine inavuma, mifuko inajaa upepo, inaubana mguu kwenda juu, halafu inaachia kwa sauti ya kupumua. Inafanya kazi ya kigimbi kilicholala. Mama alilalamika joto. Kwa huruma nikawa namvua usiku muuguzi akiondoka, namvisha alfajiri. Usiku tatu mfululizo. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2013, wa wagonjwa 2,876 wa kiharusi wasioweza kutembea, ulioonyesha kwamba mashine hizi zinapunguza damu kuganda miguuni. Zile soksi za kubana za kawaida, zisizo na mashine, hazikuonyesha faida hiyo kwa wagonjwa kama hawa. Kama mgonjwa wako amevalishwa za hewa na zinamkera, mwambie muuguzi aangalie ngozi, azilegeze au abadilishe saizi. Usimvue.

Siku ya tisa niliona mguu wa kushoto umejaa. Nikajiambia ni uvimbe wa kupooza, damu haitembei, kwa hiyo nikausugua. Nilianza unyayoni nikipandisha hadi pajani, kwa nguvu, asubuhi na jioni. Mama hakulalamika hata kidogo, na mimi nikachukulia kwamba haumii. Kumbe alikuwa amepoteza hisia upande ule, na zaidi ya hapo ubongo wake ulikuwa umeusahau kabisa upande wa kushoto. Ukimwuliza, "Mama, mguu wa kushoto uko wapi?" alikuwa akitazama dirishani, upande wa kulia, na kusema hajui. Siku moja alinionesha mkono wake mwenyewe akaniambia nimwondolee, kuna mtu ameuacha kitandani.

Muuguzi wa zamu ya jioni alinikuta nikisugua. "Dada, acha. Usiuguse huo mguu." Akachukua tepu ya kupimia kama ile ya fundi cherehani, akahesabu sentimita 10 chini ya goti, akaizungusha kwenye kigimbi. Kulia 34. Kushoto 38.5. Akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo na kuachia, na shimo likabaki pale, halirudi. Ngozi ilikuwa na joto kuliko ya mguu wa pili. Nilikuwa nimeushika mguu ule siku nzima na sikuwa nimewahi kushika miguu yote miwili kwa pamoja kulinganisha.

Kwenye ultrasaundi mpimaji alinifundisha kitu bila kukusudia. Alikuwa anabonyeza kile kifaa juu ya mshipa, na kwenye skrini mshipa usio na bonge unajikunja ukibonyezwa, kama mrija mtupu. Alipofika juu ya goti upande wa kushoto, alibonyeza na mshipa haukujikunja. Akapanda hadi pajani, akabonyeza tena. Haukujikunja. Bonge lilikuwa refu, na mimi nilikuwa nimelisugua kwa mikono yangu. Bonge la pajani likikatika linasafiri hadi kwenye moyo na kuziba mishipa ya mapafu. Dalili zake zishike kichwani: pumzi kukatika ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa, moyo kwenda mbio, kukohoa damu, kuzirai. Ukiona hata moja, usingoje daktari wa asubuhi.

Sasa madaktari walikuwa na mgonjwa mwenye damu iliyovuja kichwani siku tisa zilizopita na damu iliyoganda pajani leo. Dozi kamili ya dawa ingeweza kuamsha kidonda cha kichwani. Kumwacha bila dawa ilikuwa kumwachia bonge litembee. Waliamua kumwekea chujio, kitu kidogo cha waya kama mwavuli kinachopitishwa mshipani hadi kwenye mshipa mkubwa wa tumboni, ili bonge likikatika linaswe kabla ya kufika moyoni. Halafu wakaanza ile ile heparini kidogo tuliyoikataa, wakiongeza kwa tahadhari na kurudia picha ya kichwa. Kama mgonjwa wako atawekewa chujio, uliza siku ile ile litatolewa lini, na iandikwe kwenye faili. Linakusudiwa kuwa la muda, na likikaa sana lenyewe linaweza kukusanya mabonge. La Mama lilitolewa mwezi wa nne, na ni kwa sababu kaka aliandika tarehe ukutani.

Kaka na mimi hatukuongea kwa siku kadhaa. Kila mmoja alikuwa na la kumtupia mwenzake: yeye ananitupia zile dawa za jino, mimi namtupia ile sindano tuliyoikataa. Fedha zilituishia wiki ya tatu; akauza pikipiki yake, mimi nikachukua likizo bila malipo, na nilikuwa nalia chooni ili Mama asinione. Siku moja alinikuta nikinawa uso kwenye korido, akanipa chai, akasema, "Dada yangu, tulikataa wote wawili." Tukaanzia hapo.

Niliporudi kuwa na akili timamu, kila asubuhi madaktari walipopita nilikuwa na maswali matatu tu. Picha ya kichwa imetulia au bado? Leo ana kinga gani ya damu isigande, na kama hana, ni kwa sababu gani? Itaangaliwa upya lini? Hakuna aliyeniona msumbufu. Daktari mmoja alianza kunijibu kabla sijauliza.

Kuhusu kupona kwenyewe, nitasema machache ambayo sisi yalitugharimu. Usimlishe kabla hajapimwa kumeza. Usimwinue kwa kuuvuta mkono uliopooza, kwa maana bega lisilo na misuli ya kulishika linateguka, na maumivu yake yanaweza kukaa miezi. Mgeuze mara kwa mara asipate vidonda. Upande uliosahaulika, kaa upande huo, ongea naye kutoka huko, weka redio huko. Mama alikuwa anakula nusu ya kulia ya sahani na kusema ameshiba, hadi tulipojifunza kumgeuzia sahani. Nasi tulitamani asimamishwe siku ya kwanza, lakini mtaalamu wa viungo alikataa: saa 24 za mwanzo mazoezi mazito yanaweza kudhuru. Baada ya hapo vipindi vifupi, kila siku, bila kuruka. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo iliyoleta mabadiliko ya haraka. Kisha yakapungua kasi, na huzuni ikaingia. Mama alikaa wiki nzima hataki kuamka, na sisi tukamkemea kwamba anakata tamaa. Sonona baada ya kiharusi ni ugonjwa na ina tiba. Alipotibiwa, mazoezi yalirudi.

Wiki ya saba picha mpya ilionyesha lile doa jeupe limefyonzwa, limebaki kovu jeusi. Hapo likaja swali la kurudisha dawa ya moyo. Hakuna jibu moja kwa wote. Inategemea damu ilivuja sehemu gani, sababu yake ni nini, na hatari ya kuganda ni kubwa kiasi gani. Kwa Mama, mwenye tatizo la moyo na bonge la mguu, waliona faida inazidi, wakachagua apiksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, badala ya wafarini kwa kuwa uwezekano wake wa kusababisha damu kuvuja kichwani ni mdogo zaidi. Nikaenda nyumbani na karatasi mbili: ya kuruhusiwa, iliyosema wafarini imesimamishwa, na kadi ya zamani ya kliniki, iliyosema iendelee. Duka la dawa lilijaza zote. Jioni nikipanga vidonge nikaona apiksabani na wafarini ndani ya mfuko mmoja. Nikapiga simu wodini kabla hajameza. Kadi ya zamani ilichanwa usiku ule, na tangu hapo hakuna dawa inayoingia nyumbani, hata ya mafua, kabla sijataja kwa mdomo wangu kwamba mgonjwa anatumia apiksabani na aliwahi kuvuja damu kichwani.

Presha tunaipima asubuhi na jioni na kuiandika. Tunataka iwe chini ya 130 kwa 80, na mara nyingi inakubali. Figo zinapimwa, kwa sababu dozi ya dawa hii inazitegemea pia. Mkono wa kushoto bado haujafunguka vizuri. Anatembea na mkongojo kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, mara nne kwa siku, na jioni nampima vigimbi kwa tepu niliyoinunua wiki ile tuliyotoka hospitali. Jana kulia ilikuwa 33, kushoto 34. Nilipokuwa bado natafuta alama ya sentimita 10, Mama alikuwa ameshaunyanyua mguu wa kushoto mwenyewe na kuuweka juu ya goti langu. "Anza na huu, mwanangu," akasema.